Theluji Katika Darasa la Chamazi



Katika baraza yetu ya baada ya Alasiri hapa Chamazi liliulizwa swali ambalo kwanza lilinichekesha, kisha likanikalia moyoni kwa miezi. Jirani mmoja, baba wa watoto wanne, alitaka kujua kama yafaa mtoto wa Kiislamu kufundishwa mchezo wa theluji. Akaeleza kuwa katika shule za chekechea za mitaa yetu, zile zifundishazo kwa Kiingereza, watoto wa miaka mitano huvikwa kofia za sufi, hutandaziwa pamba sakafuni, na huambiwa kuwa hiyo ni theluji na haya ni majira ya baridi ya Ulaya. Hapo hutetemeka kwa amri ya mwalimu, wakaimba. Yeye aliona jambo hilo halina maana, na pengine lina dhambi, kwani humo hutengenezwa na mtu wa pamba, na sanamu ni sanamu.

Wazee walijibu kila mmoja kwa alivyojaliwa. Mimi nilinyamaza, kwa sababu mtu wa theluji wa mwaka huu katika shule moja ya hapa alikuwa mjukuu wangu mwenyewe.

Sehemu ya dhambi yataka maneno machache tu. Imepokewa katika Sunan Abi Dawud kuwa Mtume wetu (S.A.W.) alirejea kutoka vitani, upepo ukafunua pazia, akaona vinyago vya kuchezea vya Bibi Aisha (R.A.). Kati ya watoto wale wa bandia palikuwa na farasi mwenye mabawa ya vipande vya nguo. Mtume akamwuliza ni nini hivi, kisha ni nini kile kilicho katikati yao, kisha ni nini kilicho juu ya mgongo wake. Na alipoambiwa ni mabawa, akastaajabu kuwa farasi ana mabawa. Bibi Aisha akamwuliza naye kama hajapata kusikia kuwa Nabii Sulaiman alikuwa na farasi wenye mabawa. Mtume akacheka hata magego yake yakaonekana. Wanazuoni wengi wameichukua habari hii kuwa ruhusa ya vinyago vya watoto. Mimi napenda kuongeza jambo dogo: farasi yule hakuwa katika zizi lolote la Madina. Alikuwa kitu cha kusadikiwa tu, na bado hakukatazwa. Tena tazama jinsi Mtume alivyouliza, swali baada ya swali, na kila swali likavuta jibu, hata aliyekuwa akiulizwa akawa yeye ndiye muulizaji.

Basi kucheza theluji mahali pasipo na theluji si kosa. Shida yangu ilikuwa nyingine, na nitaieleza kama nilivyoiona.

Siku ya wazazi ya shule ile ilikuwa mwanzoni mwa Juni. Tuliketi chini ya bati, jua limepanda, na ukutani palitundikwa picha kubwa ya majira manne ya mwaka: mti wenye majani, mti wenye maua, mti ulioanza kupukutika, na mti mtupu wenye weupe juu ya matawi. Masika, yaliyokuwa yametoka tu kuigeuza njia yetu kuwa bwawa, hayakuwamo ukutani. Vuli haikuwamo. Kipupwe, ambacho kilikuwa ndiyo kwanza kinaingia siku zile, na ambacho hutufanya sisi wa Pwani tujifunike shuka mbili alfajiri, hakikuwa na mti wake. Watoto waliimba kwa Kiingereza, wakajikumbatia, wakarushiana pamba. Mjukuu wangu alisimama katikati amevikwa shuka jeupe, karoti ya karatasi puani, mikono ameinyosha. Hakutikisika wala hakufungua kinywa.

Yalipokwisha nilimwendea mwalimu wake, binti mwenye haya, nikamwuliza mbona mtoto yule hakupewa neno la kusema. Akaniamkia kwanza, kisha akanijibu kwa adabu, "Mzee wangu, tulimpa nafasi ile kwa sababu mtu wa theluji hasemi."

Ripoti aliyopewa baba yake siku hiyo ilieleza kuwa mtoto ni mzito wa kuzungumza, na kwamba ikiwa hatabadilika ingefaa arudie darasa.

Sasa nataka mnisindikize hata uani kwangu. Mke wangu hugandisha barafu za ukwaju na za ubuyu katika jokofu, akawauzia watoto wapitao. Mjukuu wetu huketi juu ya kigoda kando yake, na bibi anapoingia jikoni yeye huanza biashara yake mwenyewe kwa vifuko vilivyojazwa mchanga, na wateja wake ni paka, mdogo wake wa miaka miwili, na mimi nikikubali kuitwa. Nilipata kumsikiliza nikiwa nyuma ya mlango. "Karibu mteja. Ya ukwaju au ya ubuyu? Za mia zimekwisha, zimebaki za mia mbili. Usiiguse kama hununui, itayeyuka. Mkopo hakuna, bibi kaenda msibani." Huyo ndiye mzito wa kuzungumza! Katika pumzi moja amehesabu, amechagua, amekana, ameweka sharti, na ametoa udhuru wa uongo ambao hata mfanyabiashara wa Kariakoo angeuonea wivu.

Lev Vygotsky, mtaalamu wa Kirusi aliyefariki mwaka 1934, alieleza kuwa mtoto akiwa mchezoni huwa juu ya umri wake. Hufanya na husema yale asiyoweza bado katika mambo yake ya kila siku. Mtu yeyote aliyepata kulea anaweza kushuhudia hayo bila ya kitabu. Mtoto asiyejua kujifunga kiatu akiwa mama wa mwanasesere hujua kumfunga, kumkemea na kumbembeleza. Lakini jambo hili lina sharti lake: lazima mchezo uwe na maneno ambayo mtoto anaweza kuyashika. Asipokuwa nayo hubaki amesimama na karoti puani.

Mwanangu, baba wa mtoto, aliisoma ripoti ile usiku kucha. Si mtu mbaya wala si mjinga. Ameona kwa macho yake yanayowapata vijana wetu. Tangu mwaka 1967 Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali, isipokuwa chache, na mtoto akivuka kuingia sekondari hukuta karibu kila somo limegeuka Kiingereza. Wengi huanguka katika daraja lile, na anguko lao huitwa ujinga. Ndiyo maana shule za binafsi za Kiingereza, ambazo zilianza kuongezeka tangu miaka ya 1990, zimejaa hata huku pembeni ya mji, na mzazi dereva au fundi seremala hujinyima ili alipe ada yake. Siwezi kumcheka mzazi huyo. Kiingereza ni silaha, na kila baba hupenda mwanawe awe na silaha.

Lakini mwanangu alitoa amri. Alisema kuanzia siku ile nyumba nzima imsemeshe mtoto kwa Kiingereza tu, ili ulimi wake ufunguke. Mimi nacho kidogo cha kuombea maji. Mke wangu hanacho kabisa. Basi mwanamke yule, aliyemkanda mtoto huyu tangu siku ya arobaini, akawa bubu katika nyumba yake mwenyewe. Akimtaka mtoto aje humwita kwa kiganja, kama mtu awaitaye kuku. Hadithi za jioni zilikoma. Kile kigoda cha barafu kikaingizwa stoo. Na mtoto, ambaye shuleni alikuwa kimya, sasa akawa kimya pande mbili.

Nilimwambia mwanangu habari ya Ummu Khalid (R.A.), iliyomo katika Sahihi ya Bukhari. Baba yake alikuwa miongoni mwa Waislamu waliohamia Uhabeshi kwa kukimbia mateso ya Makureshi, naye akazaliwa na kukulia huko. Alipoletwa Madina alikuwa msichana mdogo. Mtume (S.A.W.) akaagiza aletwe, akamvika kwa mkono wake vazi jeusi lenye nakshi, kisha akazionesha zile nakshi na kumwambia kuwa ni nzuri, na neno alilolitumia halikuwa la Kiarabu, lilikuwa la Kihabeshi, lugha ya nchi aliyotoka mtoto. Huyu ndiye aliyeteremshiwa Kurani kwa Kiarabu fasaha, na waliomzunguka wote ni mabingwa wa Kiarabu. Angeweza kumngoja mtoto ajifunze. Badala yake alimwendea kwa neno lake. Kiarabu kilikuja baadaye, na Ummu Khalid aliishi miaka mingi hata akawa yeye ndiye msimulizi wa hadithi hiyo, kwa Kiarabu.

Mwanangu alinisikiliza kwa adabu, akasema, "Sawa baba, lakini zama zile hapakuwa na mtihani."

Nikaona hoja za nyumbani zimekwama, nikaenda shuleni siku ya Jumatatu walipofungua mwezi wa Julai. Sikwenda kugombana. Nilimkuta mwalimu yule peke yake akikunja pamba zake na kuzitia katika boksi. Tulizungumza mengi. Aliniambia anao watoto thelathini na wanane chumba kimoja, kitabu ni cha ng'ambo na sura ya theluji imo humo, na akiipita ataulizwa. Nikamwuliza swali ambalo sisi wazee humwuliza kila mtu, kwao ni wapi. Akasema, "Makete, mzee wangu."

Wasomaji mliozaliwa Pwani pengine hamuijui Makete. Ni wilaya ya mkoa wa Njombe, nchi ya Wakinga, juu katika milima ya kusini, karibu na uwanda wa Kitulo ambao wenyeji huuita Bustani ya Mungu kwa ajili ya maua yake, na ambao umekuwa hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005. Huko hulimwa viazi mviringo, ngano na pareto. Na huko katika miezi ya Juni na Julai umande huganda usiku. Asubuhi majani huwa meupe, na ukiyakanyaga hulia chini ya mguu kama chumvi ya mawe. Umande huo ulioganda huitwa jalidi. Mwalimu yule alinisimulia jinsi alivyokuwa akienda shule na mwenzake, wamejifunika blanketi moja watu wawili, na jinsi mama yao alivyokuwa akitazama shamba la viazi alfajiri kujua kama majani yameungua kwa baridi. Alisema kuungua, nami nikamwuliza baridi huunguzaje. Akacheka, akasema, "Mzee, baridi ikizidi ni moto."

Nilishindwa kujizuia. Nikamwambia, "Mwanangu, wewe una majira ya baridi ya kwako, tena ya nchi hii hii, nawe unawafundisha watoto wetu ya kwenye kitabu!" Akaniangalia kama mtu aliyeambiwa kuwa ufunguo anaoutafuta uko shingoni mwake.

Naomba ruhusa nitoke kidogo njiani, kwa kuwa kuna habari ya zamani ifananayo na hii. Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Mjerumani, Johannes Rebmann, akisafiri kutoka Rabai karibu na Mombasa, aliona kilele cheupe cha Kilimanjaro. Akamwuliza kiongozi wake ule weupe ni nini. Kiongozi hakujua jina la kitu kile, lakini alijua kinavyofanya. Akajibu kwa neno moja tu, kuwa ni baridi. Neno lile lilimtosha Rebmann kufahamu kuwa anatazama theluji. Habari ilipofika London, mabwana waliokuwa na theluji mlangoni kwao na majina yake yote vitabuni wakakataa kuisadiki. Mmoja wao, William Desborough Cooley, alibisha kwa miaka mingi, na haikuthibitika hata Baron Karl Klaus von der Decken alipopanda sehemu ya mlima ule mwaka 1861 na tena 1862. Theluji ile, ambayo sasa imepungua sana kuliko ilivyokuwa ilipopimwa mwaka 1912, ilifahamika kwanza kwa neno ambalo mtoto yeyote wa Chamazi analo.

Na maneno mengine pia tunayo, ila hatuyaangalii. Barafu hii auzayo mke wangu kwa shilingi mia ni neno la Kiajemi, na kwa Waajemi maana yake ndiyo theluji yenyewe. Theluji ni Kiarabu. Hata majira ya baridi yamo vinywani mwa watoto wetu kabla hawajaingia chekechea, kwani ni nani katika chuo asiyehifadhi Suratul Quraysh? Humo zimetajwa safari mbili za Makureshi, ya shitai na ya saifi. Na wafasiri wamesema shitai ni majira ya baridi, walipokuwa wakishuka na biashara Yemen, na saifi ni ya joto, walipokuwa wakipanda Sham. Mtoto wa miaka mitano husoma neno shitai kila jioni kwa sauti ya kupasua dari. Hakuna amwambiaye ni nini.

Narudi kwa mwalimu. Hakubadili kitabu, maana hilo si lake. Alibadili siku moja ya juma, Alhamisi, kwa idhini ya mkuu wake, na sharti alilopewa ni kwamba maneno ya Kiingereza ya sura ile yajulikane kabla ya mwisho wa Agosti. Alhamisi ya kwanza aliomba barafu. Mke wangu akatoa vifuko ishirini vya maji matupu yaliyoganda, nami nikavibeba katika ndoo yenye maranda ya mbao ili visiyeyuke njiani.

Nilikaa nyuma ya darasa. Mwalimu alimpa kila jozi ya watoto kipande kimoja, akawauliza kwa Kiswahili kina nini. Chumba kililipuka. Kinauma. Kinachoma. Kimeninata. Kinatoka jasho. Mwalimu, changu kinatoa moshi! Mmoja alisema kinalia, na kwa kweli barafu ile ilikuwa ikitoa mlio mdogo wa kupasuka, ambao mimi kwa umri wangu wote sikuwahi kuusikia. Mjukuu wangu aliinuka bila ya kuitwa, akawaambia wenzake kwa sauti ya bibi yake wasikishike sana kama hawanunui. Na lilipokuja lile jambo la kuyeyuka, walikuwa wamekwisha kuliona, kulishika na kulilamba, ndipo mwalimu akawapa jina lake la Kiingereza. Walilipokea kama mtu apokeavyo kofia ya kichwa chake. Mwisho wa saa ile niliwahesabia maneno saba ya Kiingereza, na kila moja lilikuwa na mahali pa kukaa.

Alhamisi zilizofuata wakaanza mchezo wa safari. Madawati yakapangwa kuwa basi la kwenda Makete. Huyu dereva, huyu konda, wale abiria na mizigo yao. Mwalimu akawataja mahali wanapopita: Morogoro, Mikumi, ambapo abiria wote walitakiwa kunyamaza ili wasiwashtue tembo, Ruaha Mbuyuni, ambapo wachuuzi wa vitunguu waligonga madirisha, mlima wa Kitonga, ambapo dereva wa miaka mitano alikunja uso na kuhema pamoja na injini yake. Kila walipopanda, mwalimu alisema sasa baridi, nao wakaongeza nguo: khanga, kisha khanga juu ya khanga, kisha ile kofia ya sufi, ambayo mara hii ilikuwa na kazi. Baada ya Njombe lugha ilibadilika. Mwenyeji wa Makete aliyewapokea alikuwa mgeni kutoka Ulaya aliyekuja kutazama maua ya Kitulo, hajui Kiswahili, na asiyemwamkia kwa Kiingereza hapati kiazi cha kuchoma. Hila hiyo niliipenda sana. Kiingereza kiliingia kwa sababu palikuwa na mtu wa kusemeshwa, na njaa.

Mambo haya si mageni kwa Waislamu wa pwani yetu, ingawa wengi wamekwisha kuyasahau. Katika miaka ya 1980 viongozi wa Kiislamu wa Pwani ya Kenya, walipoona watoto wao wanabaki nyuma shuleni, walimwomba msaada Aga Khan, na huko Mombasa zikaanzishwa shule za awali zilizoshikamana na madrasa. Bi Swafiya Said, mwalimu wa Mombasa, alikuwa mmoja wa waliozijenga. Darasa likagawiwa pembe: pembe ya nyumba, ya duka, ya vitabu. Vifaa vikawa makombe ya pwani, vifuu, mbegu na mchanga, na mafunzo ya dini yakaenda pamoja na michezo bila ya kugombana. Mwaka 1990 mpango huo ukafika Zanzibar, na 1993 Uganda. Na mbele ya hayo, mwaka 1953, UNESCO ilitoa taarifa yake juu ya lugha za wenyeji katika elimu, ikaeleza kuwa lugha ya mama ndiyo njia bora ya kumwanzishia mtoto masomo. Imetimia miaka zaidi ya sabini tangu hapo, na bado tunapeana ripoti za watoto wazito wa kuzungumza.

Nilimpelekea mwanangu habari zote hizi. Alifurahi kusikia maneno saba, alisema vema. Amri yake hakuitangua.

Mwezi wa Agosti alifariki mzee mmoja jirani yetu, mtu wa baraza. Tulimsalia baada ya Adhuhuri, mwanangu amesimama bega kwa bega nami. Wakati wa kurejea kutoka makaburini tulitembea pamoja bila ya kusema, hata nikamwuliza, "Baada ya takbira ya tatu ulimwombea nini marehemu?"

Akaona ajabu, akanijibu, "Ile dua, baba. Uliyonipeleka chuoni nikaihifadhi."

"Najua umeihifadhi. Nauliza ulimwombea nini."

Akajaribu. Maghufira aliyafahamu, rehema aliifahamu. Kisha akakwama. Nikamwambia kuwa katika dua ile, iliyopokewa katika Sahihi Muslim kutoka kwa Auf bin Malik (R.A.), tunamwomba Mwenyezi Mungu amwoshe maiti kwa maji, na kwa theluji, na kwa mvua ya barafu. Nikamwambia, "Umesimama hapa Chamazi leo, katika jua hili, ukamwombea mzee wetu theluji."

Alisimama njiani. Akalirudia neno lile la Kiarabu polepole, mara mbili, kama mtu aonjaye. Sikumwongezea. Yeye aliisoma dua ile tangu akiwa na miaka kumi, kwa matamko yasiyo na dosari, na ameisoma juu ya babu yake na juu ya shangazi yake. Maalimu wetu wa vyuo wana sifa kubwa kwa kuhifadhisha, na Mungu awalipe. Lakini tuseme kweli, kitabu cha ng'ambo si peke yake kiwafundishacho watoto wetu kusema theluji bila ya kuijua.

Tulipofika nyumbani hakusema lolote kwa mama yake. Jioni nilisikia stoo inafunguliwa, na kile kigoda kikaburutwa uani. Amri yenyewe mpaka leo hajaitangua kwa mdomo, wala sidhani kuwa ataitangua, kwa kuwa ni mwanangu na ugumu wake naujua ulikotoka. Juu ya kurudia darasa nako hapajaamuliwa. Shule itasema mwezi wa Novemba, na ada ya mwaka mpya inangoja nyuma ya neno hilo.

Lakini Alhamisi iliyopita alirudi mapema kazini, akakuta viti vyote vya nyumba vimepangwa uani safu mbili, mke wangu amekaa kiti cha dirishani na kapu lake la safari, khanga tatu mabegani, paka miguuni pake. Akauliza kwa Kiingereza basi linakwenda wapi. Mtoto akamjibu kwa Kiingereza kuwa linakwenda Makete na huko kuna baridi, jumla nzima isiyopungua neno. Baba mtu akataka kuketi karibu na mama yake. Mtoto akamzuia kwa mkono, akarudi katika lugha ya kazi yake.

"Nauli kwanza, baba."

Akaanza kujipapasa mifukoni.